Mkazo na Mikato ya Maneno Marefu ya Kiswidi

Na Mwalimu wa Lugha

Wanafunzi kadha wameniuliza jinsi nilivyoweza kusoma maneno ya Kiswidi, yaliyo marefu kama treni ya mizigo, siku zile nilipokuwa masomoni Uswidi. Nakiri kwamba mwanzoni sikuweza. Na kwa kuwa kutoweza kwangu kulikaribia kumtia mwenzangu hatarini, nitaanza na habari hiyo, kisha nitaeleza kanuni yenyewe hatua kwa hatua.

Usiku mmoja wa mwezi wa Januari, theluji ikiwa imefika magotini, mwenzangu tuliyekaa naye nyumba moja alishikwa na tumbo kali. Tulipanda teksi mpaka hospitali. Lakini hospitali ile ilikuwa kama mji mzima: majumba mengi, milango mingi, nasi tulishuka upande usio wetu, na teksi ikaenda zake. Nilijua neno moja tu la kutusaidia, nalo nilikuwa nimelinakili katika daftari langu: akutmottagningen, yaani mahali wanapopokelewa wagonjwa wa ghafula. Nikamwona mzee mmoja akipita na mbwa wake. Nikamsalimu kwa adabu, nikauliza, "AkutmottagNINGen?" Akatikisa kichwa. Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, mkazo ukiwa palepale juu ya ning. Mzee alinitazama kwa huruma, lakini hakufahamu. Wakati huo mwenzangu amekaa juu ya theluji, amejikunja kama jongoo. Mwishowe nikafungua daftari, nikamwonyesha neno. Uso wake ukang'aa. Akalisoma kwa sauti, "AKUTmottagningen!" Kisha akatuongoza mwenyewe mpaka mlangoni. Madaktari walisema ni kidole tumbo. Mwenzangu alipasuliwa usiku uleule, naye yu mzima hata leo.

Sasa fikirini. Herufi zote nilizitamka. Sikuacha hata moja. Kosa langu lilikuwa moja tu: nilitia mkazo wa Kiswahili katika neno la Kiswidi. Ndiyo maana naliona somo hili kuwa na faida, hata kwa yule asiyekusudia kufika Uswidi maisha yake yote. Atakayelifahamu atajua kwamba kila lugha ina mlango wake, na ufunguo wa mlango mmoja haufungui mwingine.

1. SIKIO LETU LILIVYOZOEA

Katika Kiswahili mkazo hukaa juu ya silabi ya pili kutoka mwisho. Twasema ki-TA-bu, mwa-li-MU-ni, so-KO-ni. Neno likiongezwa mwishoni, mkazo husogea pamoja nalo: SO-ma, so-ME-sha, so-me-SHA-na. Yako maneno machache yanayotoka katika kanuni hii, na mfano ujulikanao ni barabara. Ukisema ba-ra-BA-ra, umetaja njia kuu. Ukisema ba-RA-ba-ra, umesema sawasawa. Basi sisi wenyewe twajua kwamba mkazo ukihama, maana yaweza kuhama.

Hata maneno yetu yaliyoungwa kwa maneno mawili hufuata kanuni hiyohiyo. Mwana na maji yakiungana, hupata mkazo mmoja tu: mwa-na-MA-ji. Mwana na sheria huwa mwa-na-she-RI-a. Mwana amepoteza mkazo wake, nasi hatuoni ajabu. Kwa hiyo Mswahili akikutana na neno refu, sikio lake humwambia: nenda mwisho, rudi silabi moja, kaza hapo.

Mswidi hafanyi hivyo. Yeye huuliza kwanza, "Neno hili limeungwa kwa vipande gani?" Akiisha kuviona vipande, mkazo hujionyesha wenyewe.

2. NENO MOJA LILILO NDANI YAKE MANENO MENGI

Sisi tukitaka kueleza kitu kwa kitu kingine hutumia kiunganisho cha -a: kitabu cha shule, nyumba ya mashua, daktari wa meno. Waswidi huchukua maneno hayo wakayashona pamoja bila nafasi katikati. Skola ni shule, bok ni kitabu. Kitabu cha shule ni skolbok. Neno la namna hii huitwa neno ambatani.

Angalieni mpangilio wake, maana ni kinyume cha wetu. Sisi hutaja kitu chenyewe kwanza, kisha maelezo. Waswidi hutanguliza maelezo, na kitu chenyewe hukaa mwisho. Hus ni nyumba na båt ni mashua. Båthus ni nyumba ya kuwekea mashua. Husbåt ni mashua ambayo watu hukaa ndani yake kama nyumbani. Vipande ni vilevile, lakini cha mwisho ndicho mwenye mji. Hicho ndicho kinachotoa maana kuu, na ndicho kinachotoa ngeli. Kiswidi cha leo kina ngeli mbili tu za majina, ya en na ya ett. Hus ni ya ett, båt ni ya en. Kwa hiyo husema ett båthus, lakini en husbåt.

Tena, sisi hatuna kiambishi cha kuonyesha kwamba kitu chajulikana, lakini Waswidi wanacho, nao hukibandika mwisho wa neno. Bok ni kitabu, boken ni kile kitabu. Hus ni nyumba, huset ni ile nyumba. Hiyo en ya mwisho katika akutmottagningen ni ya namna hiyo. Ni mkia tu, si kipande, wala haistahili mkazo.

Kabla ya kuendelea, neno moja juu ya matamshi. Alfabeti ya Kiswidi ina herufi 29, na tatu za mwisho ni å, ä na ö. Irabu zake zaandikwa kwa herufi tisa: a, e, i, o, u, y, å, ä, ö. Kwa kukadiria tu, å ni kama o yetu na ä ni kama e iliyo wazi. Kupata ö, sema e huku midomo imeviringana. Kupata y, sema i kwa midomo ya namna hiyohiyo. O iliyo ndefu mara nyingi huelekea u yetu, hata skola husikika karibu na "skula", nasi twakumbuka skuli na shule. Si ajabu, kwani maneno yote hayo yana babu mmoja, schola ya Kilatini. Skuli ilitufikia kwa mkono wa Waingereza, na shule kwa mkono wa Wajerumani. Herufi j ni y yetu.

3. GUNDI YA KUUNGIA

Vipande haviunganishwi kila mara bila kubadilika. Mara nyingine cha kwanza hupoteza herufi yake ya mwisho: skola huwa skol- katika skolbok. Mara nyingine herufi hiyo hugeuka: gata, njia ya mjini, huwa gatu-, kyrka, kanisa, huwa kyrko-, kama katika kyrkogård, yaani makaburini. Hayo ni mabaki ya Kiswidi cha zamani.

Lakini gundi iliyo kuu ni herufi s, nayo yafaa kuangaliwa sana, maana hutuonyesha kiungo kikubwa kiko wapi. Vin ni mvinyo, glas ni bilauri. Bilauri ya mvinyo ni vinglas, pasipo s. Rött vin ni mvinyo mwekundu, nao kwa neno moja huitwa rödvin. Je, bilauri ya mvinyo mwekundu ni nini? Ni rödvinsglas. Hapa s imeingia. Kwa nini? Kwa sababu kipande cha kwanza, rödvin, chenyewe kimekwisha kuungwa kwa maneno mawili. Na mara nyingi kipande cha namna hiyo kikiungwa tena na kingine, s huwekwa kama fundo. Ni kama kusema: mpaka hapa ni mzigo mmoja, sasa unaanza wa pili.

Tazameni jinsi fundo hili dogo linavyoweza kubadili maana. Barn ni mtoto, bok ni kitabu, klubb ni chama. Barnboksklubb, yenye s baada ya bok, ni chama cha vitabu vya watoto. Fundo limefunga barn na bok pamoja, na mtu mzima aweza kuwa mwanachama. Barnbokklubb, isiyo na s, ni chama cha vitabu kilichowekwa kwa ajili ya watoto. Hapa bok na klubb ndizo zilizofungwa pamoja kwanza. Mwanafunzi asiyeiona s hiyo atadhani amesoma neno lilelile.

4. MIKAZO MIWILI

Sasa twafika kwenye kanuni yenyewe. Neno ambatani la Kiswidi, kama linavyosemwa Stockholm na sehemu za katikati ya nchi, lina mikazo miwili. Mkazo mkuu hukaa katika kipande cha kwanza, juu ya silabi ambayo ingekazwa kama kipande hicho kingesimama peke yake. Mkazo wa pili, ulio mwepesi kuliko huo, hukaa katika kipande cha mwisho, vilevile juu ya silabi yake ya asili. Vipande vya katikati, hata viwe vingapi, huinamisha vichwa.

Nitaandika silabi ya mkazo mkuu kwa herufi kubwa, na mbele ya silabi ya mkazo wa pili nitaweka alama hii: '.

Skolbok: SKOL-'bok.
Vinglas: VIN-'glas.
Rödvinsglas: RÖD-vins-'glas.

Oneni habari ya vin. Katika vinglas ilikuwa mbele, ikapata mkazo mkuu. Katika rödvinsglas imesukumwa katikati, ikanyang'anywa mkazo wake. Neno ni lilelile. Cheo chake hutegemea mahali lilipokaa.

Sasa neno refu zaidi. Järn ni chuma, väg ni njia; järnväg ni njia ya chuma, yaani reli. Station ni stesheni. Yote pamoja huwa järnvägsstation, stesheni ya reli. Mbona kuna s mbili? Moja ni fundo la järnväg, ya pili ni ya station. Silabi zake ni nne: JÄRN-vägs-sta-'tion. Hapa angalieni tion. Silabi hii hutamkwa kama silabi moja, yenye sauti iliyo karibu na "shun". Neno station limetoka katika lugha ya kigeni, na maneno mengi ya kigeni katika Kiswidi hukazwa mwishoni. Likiingia ndani ya neno ambatani, huja na mkazo wake mwishoni vilevile.

Jambo hili ni kubwa, maana mtu aweza kudhani kwamba mkazo mkuu lazima uwe juu ya silabi ya kwanza kabisa ya neno. Sivyo. Uko katika kipande cha kwanza, lakini juu ya silabi iliyo ya haki yake. Mfano ni universitetsbibliotek, maktaba ya chuo kikuu. Universitet hukazwa mwishoni, na bibliotek hukazwa mwishoni pia. Basi neno zima ni u-ni-ver-si-TETS-bib-li-o-'tek. Silabi nne za mwanzo hupita upesi bila uzito.

Mkazo huo huendana na wimbo wa sauti. Mswidi wa Stockholm akisema neno ambatani, sauti yake hupanda na kushuka, kisha hupanda na kushuka tena, kama mtu avukaye vilima viwili: kimoja juu ya mkazo mkuu, kingine juu ya mkazo wa pili. Maneno mengine yasiyo ya kuunganishwa huwa na kilima kimoja tu. Tofauti hiyo yatosha kutenga maana. Anden kwa kilima kimoja ni yule bata. Anden kwa vilima viwili ni roho. Waswidi wa pande mbalimbali hawaimbi sawasawa, na watu wa Finland wasemao Kiswidi hawana wimbo wa vilima viwili kabisa. Lakini mkazo huujua wote.

Basi kanuni kwa ufupi ni hii:
(a) Tafuta vipande, ukianza na kile cha mwisho, kilicho mwenye mji.
(b) Tafuta gundi, hasa s.
(c) Kaza sana kipande cha kwanza, mahali pake pa asili.
(d) Kaza kidogo kipande cha mwisho, mahali pake pa asili.
(e) Vya katikati vipitishe upesi, lakini usizimeze irabu zake.

5. MUUGUZI MGONJWA NA MOSHI WA HIARI

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kama nikitenga maneno na kuyakaza yote sawasawa, si nitaeleweka tu?" Jibu ni kwamba utaeleweka, ila kwa maana usiyoikusudia.

Sjuk ni mgonjwa. Sköterska ni mwangalizi, kutoka kitenzi sköta, kutunza. Sjuksköterska, neno moja, ni muuguzi, awe mwanamke au mwanamume: SJUK-'skö-ter-ska. Lakini ukisema sjuk sköterska kama maneno mawili, kila moja kwa uzito wake na la pili likizidi, umesema muuguzi aliye mgonjwa. Ukimwuliza mtu akupeleke kwa muuguzi, yeye aweza kudhani muuguzi ndiye ahitajiye kuuguzwa.

Kyckling ni kuku mdogo au nyama yake. Lever ni ini. Kycklinglever ni maini ya kuku. Lakini lever ni pia kitenzi, anaishi. Basi muuza nyama akiandika kyckling lever kwa kuacha nafasi katikati, ametangaza kwamba kuku yu hai.

Mfano ulio hatari zaidi ni wa tangazo. Rök ni moshi, na -fri mwishoni mwa neno ni pasipo. Rökfritt hubandikwa ukutani kuwaambia watu kwamba hapa hapavutwi sigara. Lakini rök ni pia amri ya kitenzi röka, yaani vuta sigara. Na fritt peke yake ni kwa uhuru. Aandikaye rök fritt kwa maneno mawili amewakaribisha watu wavute wapendavyo. Walimu wa Uswidi hupambana na kosa hili kila siku, kama sisi tunavyopambana na wanafunzi waandikao "ana soma" badala ya "anasoma". Nafasi ndogo katika karatasi ni kimya kidogo katika sauti, nacho kina maana.

6. KUKATA NENO MWISHONI MWA MSTARI

Mkono wa mwandishi ukifika ukingoni mwa karatasi, hana budi kulikata neno. Sisi hatuna taabu. Silabi zetu nyingi huishia kwa irabu, na kila irabu ni mahali pa kupumzika. Kiswidi hurundika konsonanti. Språk, lugha, ni silabi moja tu, nayo ina konsonanti tatu mbele ya irabu. Hemskt, kwa namna ya kutisha, nayo ni silabi moja, yenye konsonanti nne nyuma ya irabu. Basi ukate wapi?

Kanuni ya kwanza ni ileile ya mkazo: neno ambatani hukatwa kwenye kiungo. Skol-bok, järnvägs-station, rödvins-glas. S ya gundi hubaki na kipande cha mbele, haivuki.

Mfano wa kuchekesha ni bildrulle. Bil ni gari, drulle ni mtu mzembe. Bildrulle ni dereva asiyejua kazi yake. Lakini bild ni picha na rulle ni mviringo wa kitu kilichokunjwa. Ukikata bild-rulle, msomaji ataanza kufikiri juu ya picha zilizokunjwa. Ukikata bil-drulle, mara moja ataruka kando ya barabara!

Kanuni ya pili ni ya konsonanti tatu. Waswidi hawaandiki konsonanti tatu zilizo sawa kwa mfululizo. Tugg, kutafuna, na gummi, mpira, zikiungana zingepata g tatu. Kwa hiyo huandika tuggummi, ubani wa kutafuna. G moja imefichwa. Lakini neno likikatwa mwishoni mwa mstari, ile iliyofichwa hurudi: tugg-gummi. Vivyo hivyo busstation, stesheni ya mabasi, ikikatwa huwa buss-station.

Kwa kanuni hiyo neno moja laweza kuwa na maana mbili. Skål ni bakuli. Glas ni kioo, na glass, yenye s mbili, ni aiskrimu. Glas na skål huwa glasskål, bakuli la kioo. Glass na skål zingekuwa na s tatu, basi moja huachwa: nazo huwa glasskål pia, bakuli la aiskrimu. Katika karatasi hayatambulikani. Je, katika kinywa? Yanatambulikana. Silabi yenye mkazo katika Kiswidi ama irabu yake ni ndefu ama konsonanti inayofuata ni ndefu. Glas ina a ndefu. Glass ina a fupi na s iliyovutwa. Kila kipande kikiingia katika neno ambatani huchukua urefu wake pamoja nacho, kama vile kinavyochukua mkazo wake. Asikiaye hajui kuandika, lakini hatakosea bakuli.

7. NENO LA HERUFI 28

Sasa tujaribu jabali. Neno hili lina herufi 28: realisationsvinstbeskattning. Msiogope. Anzeni mwisho. Beskattning ni utozaji wa kodi. Katikati ni vinst, faida. Mwanzoni ni realisation, kuuza mali ipate kuwa fedha, pamoja na s ya gundi. Basi neno zima ni utozaji wa kodi juu ya faida iliyopatikana kwa kuuza mali. Sisi tumetumia maneno kumi; Mswidi amesema moja.

Mkazo je? Realisation ni neno la kigeni, hukazwa juu ya tion. Beskattning hukazwa juu ya skatt, kwa kuwa be- ni kiambishi kisichokazwa. Vinst iko katikati, nayo yainama. Basi: re-a-li-sa-TIONS-vinst-be-'skatt-ning. Silabi tisa, mikazo miwili.

Turudi sasa kwenye theluji. Akutmottagningen: mwisho ni mkia en, tuuache. Mottagning ni mapokezi, nayo imeungwa kwa mot na tagning. Akut ni ya ghafula, neno la kigeni lenye mkazo mwishoni. Basi: a-KUT-mot-'tag-ning-en. Mimi nilikaza ning, silabi ambayo Mswidi haikazi kamwe katika neno hili. Yule mzee alikuwa akingoja kilima juu ya kut na kingine juu ya tag. Hakuviona, akapotea kama mtu aliyeondolewa alama za njia. Mzee hakuwa kiziwi, wala mimi sikuwa bubu.

Kanuni hii ina watoro wachache, hasa majina ya miji. Karlskrona, mji wa bandari uliojengwa mwaka 1680 na kupewa jina la mfalme Karl wa Kumi na Moja, hukazwa juu ya kro wala si juu ya Karl. Majina ya namna hiyo hujifunzwa kwa kusikia. Kwa maneno mengine msaada uko katika kamusi. Chuo cha Svenska Akademien, kilichoanzishwa na mfalme Gustav wa Tatu mwaka 1786, hutoa orodha ya maneno ambayo chapa yake ya kwanza ilitoka mwaka 1874. Ndani yake kijistari kilichosimama huonyesha mahali neno ambatani lilipoungwa: sjuk|sköterska. Mwanafunzi mwerevu hukichora kijistari hicho kwa kalamu yake katika kila neno geni.

Nimalizie kwa neno moja lililofika hata kwetu. Folk ni watu, hög ni -a juu, skola ni shule. Folkhögskola, FOLK-hög-'sko-la, ni chuo cha watu wazima, ambacho Uswidi ilianza kuwa nacho mwaka 1868 kwa kufuata mfano wa Denmark. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilivyoanzishwa Tanzania mwaka 1975, kwa msaada wa Uswidi, viliiga mfano huo. Huenda mzazi asomaye gazeti hili alijifunza useremala au ushonaji katika chuo kimojawapo. Basi hilo nalo ni neno refu la Kiswidi, ila sisi tulilifungua vipande, tukalijenga upya kwa maneno yetu.

MAZOEZI

Gawanya kila neno kwa vipande, onyesha mikazo miwili, kisha toa maana yake.

1. Tandläkare (tand, jino, läkare, daktari, mkazo juu ya lä).
2. Fotbollslag (fot, mguu, boll, mpira, lag, timu).
3. Kylskåpsdörr (kyl, ubaridi, skåp, kabati, dörr, mlango).
4. Skolmatsal (skola, shule, mat, chakula, sal, ukumbi). Kwa nini hapana s ya gundi?

MAJIBU

1. TAND-'lä-ka-re, daktari wa meno.
2. FOT-bolls-'lag, timu ya mpira wa miguu. S imefunga fotboll.
3. KYL-skåps-'dörr, mlango wa friji. S imefunga kylskåp, yaani kabati la ubaridi. Mlango wa kabati tu ni skåpdörr, pasipo s.
4. SKOL-mat-'sal, ukumbi wa kulia chakula shuleni. Mat na sal ndizo zilizofungwa kwanza, matsal. Kipande cha kwanza, skol-, ni neno moja tu, basi hapakuhitajiwa fundo.

Atakayepata yote manne na aje kwangu na neno refu kuliko hayo, tutalifungua pamoja.